Kozi ya utetezi wa jamii ndogo: somo la pili chukua, la nne ruka

Nilijiunga na kozi hii ya mtandaoni nikitaka kujua jambo moja: kesi ikishatoka nje ya nchi, nani ndani ya jamii anapata nguvu? Somo la pili limenijibu vizuri mno. Mwalimu anachukua hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, kuhusu Waogiek waliofukuzwa Msitu wa Mau nchini Kenya, ya Mei 2017, anaisoma kifungu kwa kifungu. Unaona jinsi jina "jamii asilia" linavyogeuka karata ya siasa: ukilishika, una hoja ya kupeleka Arusha, ukiliacha, unabaki kabila dogo lisilo na kura za kumtisha mbunge. Kisha fidia ambayo mahakama hiyo iliiamuru Kenya iwalipe mwaka 2022, zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya, pamoja na amri ya hatimiliki ya ardhi. Pesa ziende kwenye mfuko wa maendeleo wenye kamati. Sasa nani akae kwenye kamati hiyo, wazee au vijana waliozunguka na mawakili? Hapo nilisimamisha video, nikajaza kurasa mbili.

Somo la nne limeniudhi. Tunafundishwa kuandika maombi ya ufadhili tukionekana "halisi", kana kwamba mwenye digrii na simu janja si mwenzetu tena. Nilimwuliza msimamizi, akanitumia fomu ya maoni. Haya basi.

Sauti inakwaruza, mazoezi husahihishwa kwa kuchelewa. Nyota tatu. Masomo yanauzwa mojamoja.