TAHADHARI: Mwanamke anayeuza sindano za IVF (upandikizaji mimba) "zilizobaki" ni tapeli, msimtumie hata senti

Naandika mikono ikitetemeka. Nimeshaandika na kufuta mara tatu kwa aibu, mpaka mume wangu kaniambia ukinyamaza atamliza mwingine. Basi someni.

Kuna mwanamke anazunguka kwenye magrupu yetu ya wanaotafuta mtoto, anauza kalamu za homoni za kukuza mayai, zile sindano zenye umbo la kalamu. Anasema ni zake, zimebaki baada ya yeye kushika mimba. Ni mwongo. Kanilia hela, kanilia mzunguko mzima wa matibabu, na kanifanya nijichome tumboni siku tano mfululizo kitu ambacho mpaka leo hakuna anayejua ni nini.

Mnaonifahamu mnajua nimetoka wapi, ya Machi, nilipompoteza mtoto, sirudii. Huu ndio mzunguko tuliosema ukishindikana tunapumzika. Vipimo vilikuwa vizuri safari hii, AMH (kipimo cha damu cha akiba ya mayai) nzuri, na kwenye altrasaundi ya siku ya pili ya hedhi vifuko vya mayai vilihesabika 14 pande zote mbili. Miezi mitatu nimemeza foliki asidi bila kuruka hata siku moja. Daktari akaandika uniti 225 kila jioni. Kalamu moja ina uniti 900, siku nne imekwisha, kwa hiyo nilihitaji tatu kufikisha siku kumi na mbili. Na hela, baada ya vipimo vyote vile, haikutosha kalamu tatu. Ilitosha moja na kidogo. Hedhi ilikuwa inakuja Alhamisi.

Jumatatu usiku nikauliza kwenye grupu kama kuna anayejua duka la dawa lenye nafuu. Hazikupita dakika kumi akaniandikia pembeni: "Mdogo wangu, nimekuona. Pole sana. Nikupigie?"

Nataka mwelewe kwa nini nilimwamini, maana najua wapo watakaosema mimi mjinga. Huyu mtu alijua kila kitu. Tuliongea saa nzima na zaidi. Aliniambia nikandamize barafu kidogo kwenye ngozi kabla ya sindano, nihamehame upande wa kulia na kushoto wa kitovu, nisichome pale palipovilia damu. Alijua sindano ya mwisho ya kupevusha mayai hupigwa saa 34 mpaka 36 kabla ya kuvunwa, na akanieleza jinsi yeye alivyotega saa ya simu mbili kwa kuogopa kupitiliza. Aliniambia tumbo likijaa ghafla na pumzi ikibana nikimbie hospitali, nisisubiri. Mtu anayekuambia hivyo unamdhaniaje mwizi? Akanitumia picha ya altrasaundi, kidoti cheupe ndani ya mfuko mweusi, akasema huyu hapa mwanangu, wiki ya saba. Nililia. Na yeye akalia, nilimsikia kabisa anavuta kamasi. Akaniambia, "Ningekupa bure, Mungu anaona, ila na mimi hizo hela niliazima."

Hiyo sentensi ndiyo iliyonimaliza. Nusu ya bei ya dukani, kalamu tatu zote. Mume wangu akasema tumuulize daktari kwanza. Nikamjibu vibaya sana, nikamwambia yeye hachomwi sindano, hajui. Nimeshamwomba radhi lakini neno nililolitoa nalikumbuka. Kesho yake asubuhi yule mwanamke akaandika kuna dada mwingine anazitaka, anamngoja mpaka saa sita tu kwa sababu ananipenda mimi. Saa tano na nusu nilikuwa nimeshatuma yote kwa simu. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa nimeshazama shingoni.

Mzigo ulikuja Jumatano jioni. Kalamu tatu ndani ya maboksi yake, zimefungwa gazeti, ndani ya kibegi cha ubaridi chenye zile pakiti za barafu. Nilipoishika pakiti ilikuwa ya uvuguvugu, maji matupu, inachezacheza mkononi. Nikampigia hapo hapo. Akacheka kwa upole, "Mdogo wangu, hizo huwa zinavumilia, wewe weka kwenye friji sasa hivi." Nikaweka. Ile pakiti ya uvuguvugu niliishika kwa mkono wangu huu. Niliishika, nikaona, nikanyamaza!

Ijumaa jioni, siku ya pili ya hedhi, nikaanza. Nikafunga kisindano kipya, nikazungusha kile kitufe mpaka 225, kile kinachotoa sauti tiki tiki, nikapiga bismillahi, nikachoma. Mume wangu alishika saa. Jumamosi. Jumapili. Jumatatu. Jumanne nikafungua kalamu ya pili. Kila usiku nilikuwa najipapasa tumbo nikisema leo nasikia kujaa, leo nasikia vinakua. Sikusikia chochote. Nilikuwa najidanganya.

Jumatano asubuhi, altrasaundi. Kufikia hapo vifuko huwa vimeshaanza kuvimba, vingine vimefika milimita 10 au zaidi, vinaelekea 17 au 18. Daktari akaanza kusoma vipimo kwa sauti muuguzi anaandika: 5. 5. 6. 4. 5. Akarudi upande wa kulia akapima upya. 5. Chumba kilikuwa kimya, nasikia kalamu ya muuguzi tu. Majibu ya damu yakaja mchana, estradioli, homoni inayopanda vifuko vikikua, haikuwa imesogea. Mwili wangu ulikuwa kama mtu ambaye hajachomwa kitu.

Akaanza kuniambia kwa huruma kwamba huenda mwili wangu haupokei dawa vizuri, tuongeze uniti ziwe 300 tuone. Nikaanza kulia, kwamba kumbe kweli tatizo ni mimi, kama watu walivyosema. Nilikaribia kutoka pale nikiamini ovari zangu zimekufa, na nikiwa na umri huu! Halafu akasita. Akaangalia tena karatasi ya AMH. Akauliza, "Dawa mlichukua duka gani?"

Nikamwangalia mume wangu. Mume wangu akaangalia sakafu.

Tukaambiwa tuzilete. Muuguzi akaweka boksi na kalamu mezani chini ya taa. Namba ya toleo kwenye boksi ilikuwa nyingine, ya kwenye kalamu nyingine. Halafu akapitisha kidole kwenye tarehe ya mwisho wa matumizi, akasimama, akaanza kukwangua kwa ukucha. Ilikuwa stika ndogo nyembamba, imebandikwa sawasawa juu ya tarehe. Ilipotoka, chini yake kulikuwa na tarehe nyingine, na ilikuwa imeshapita. Muuguzi wala hakunisema. Alinishika bega tu, na hilo ndilo lililonivunja.

Daktari akanieleza kwamba homoni hii ni protini. Kalamu zangu zilitakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, na zisigande, zikiganda zimeharibika. Nje ya friji zinavumilia kwa muda uliotajwa tu kwenye karatasi yake, tena isizidi nyuzi 25. Dawa iliyokufa huwezi kuijua kwa macho, inaweza kuwa maji safi yaleyale. Mzunguko ukafutwa siku hiyohiyo. Na kwa sababu hatujui kama kalamu ile ya kwanza iliwahi kuchomwa na mtu mwingine, maana kalamu haichangiwi hata ukibadilisha sindano, nimechukuliwa damu ya HIV na ya homa ya ini, na nitarudia tena baadaye. Niliingia kutafuta mtoto, nimetoka nasubiri majibu ya HIV.

Nilimpigia nikiwa hapo hapo kwenye korido. Akapokea kwa ile sauti yake, "Ee mdogo wangu, vifuko vimefika ngapi?" Nikamwambia nimeiona stika. Kimya. Akakata. Nilipopiga tena nilikuwa nimeshafungiwa, na usiku huo jina lilikuwa limebadilishwa na picha imeondolewa.

Ile picha ya altrasaundi nimemtumia rafiki yangu, akaikuta mtandaoni kwenye ukurasa wa kuelimisha wajawazito. Hata huyo mtoto hakuwepo. Alimlilia mtoto ambaye hayupo ili anilize mimi niliyempoteza.

Huyu akamatwe. Sitaki aombe radhi, sitaki anirudishie hela kimyakimya tuyamalize. Asimame mahakamani aulizwe hizo stika alizibandika ngapi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia ugumba katika maisha yake. Sisi tuliona hatuko peke yetu. Yeye aliona soko. Mtu anayekaa mezani na mkasi na stika, anajua kabisa kuna mwanamke ataomba dua kabla ya kujichoma maji yake, huyo afungwe, na simu ichukuliwe, na wote aliowauzia wapigiwe mmoja mmoja waambiwe ovari zao hazina kosa. Kuna mahali kuna dada ameambiwa mwili wake haupokei dawa, anaamini, na kumbe ni huyu.

Nimeulizwa sana nilipaswa kuona nini. Hakuuliza cheti cha daktari, aliuliza tarehe ya hedhi tu. Risiti hakuna. Nilimwomba picha ya video anionyeshe friji akasema mtandao unasumbua, na sauti ilikuwa inasikika vizuri kabisa. Haraka ya mpaka saa sita. Lakiri ya boksi ilikuwa imefunguliwa ikagundishwa tena, nikadhani ni ya safari. Linganisheni namba za boksi na za kalamu, pitisheni kidole kwenye tarehe, na dawa ya mtu binafsi msiguse hata akiwa dada yenu wa damu. Mkikwama hela mwambieni daktari wenu kabla. Wangu aliniambia angenisogezea mzunguko mwezi mmoja, basi. Mwezi mmoja tu.

Sasa anatumia jina jingine ila maneno ni yaleyale: "mdogo wangu", "zimebaki", "ningekupa bure". Kama umenunua kwake na hujaanza kuchoma, usianze. Kama umeshachoma, nenda ukapimwe na umwambie daktari ukweli, usifiche kama mimi. Kalamu yangu ya tatu haijafunguliwa, polisi wameandika maelezo na kuichukua pamoja na boksi lake. Wanasema walalamikaji wakiongezeka jalada litakwenda haraka. Mwenye ujumbe wake, sauti yake au namba aliyotumiwa hela, aniandikie pembeni. Jina lako sitalitaja popote.