Vivimbe viwili vimetolewa, lakini wa mapokezi sijamsamehe

Wiki kadhaa zilizopita nilikwenda katika kituo kimoja kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, kwa sababu nimeshavuka miaka 45 na kipimo changu cha choo kilikuwa kimeonyesha damu ambayo kwa macho haionekani. Nilikunywa dawa ya kusafisha tumbo, nusu jioni na nusu alfajiri, nikashinda chooni mpaka yakawa yanatoka maji ya manjano matupu, kisha nikafika mapokezi nikiwa na njaa, mnyonge na mwenye haya.

Mhudumu, bila kuinua macho kwenye simu yake, alipaza sauti ukumbi mzima ukasikia: "Mzee, wewe ndiye wa choo chenye damu? Umeharisha vya kutosha?" Nilimsihi, "Binti yangu, punguza sauti." Akanijibu kwamba anayeona haya abaki kwake. Bwana mmoja aliyekuwa ameketi pembeni yangu aliitazama bahasha yake ya rufaa, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni na kutoka nje. Mpaka ninaitwa ndani, hakuwa amerudi.

Nakiri kwamba swali lenyewe lilikuwa halali, kwani utumbo usiposafika daktari haoni kitu na shughuli nzima hurudiwa. Lakini swali halali haliulizwi kwa kelele za mnadani.

Huko ndani mambo yalikuwa mengine kabisa. Daktari alikuta vivimbe viwili vya aina ya polipu, akavikata papo hapo nikiwa usingizini, na baadaye akanieleza kwa upole kwamba vivimbe vya namna hiyo, vile vinavyogeuka saratani, kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi au zaidi, kwa hiyo kuvitoa mapema ni kuuzuia ugonjwa wenyewe. Sigara, pombe, nyama za kusindikwa na kukaa kitako siku nzima tulivizungumza pia. Yote nilikuwa nayajua, nikiyapuuza.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba msiende pale hata kidogo. Siwezi. Nendeni, daktari yule ni hazina. Hata hivyo kila nikiikumbuka bahasha ile ikikunjwa, sifa zote nilizoandika hapa natamani kuzifuta, kwa maana mimi nilivumilia nikapona, naye huenda ana vya kwake tumboni. Nimepewa tarehe ya kurudi, na nitarudi. Nikimkuta binti yule palepale, nitamuuliza habari za yule bwana kabla hajaniuliza habari za choo changu.