Kana mbele, vinka nyuma: uzoefu wangu na huduma ya kupangiwa bustani

Nilikuwa nimewapa nyota mbili. Nikafuta, nikaandika tena mbili, na hadi namaliza kuandika hapa sijui zitabaki ngapi. Nianze na lile lililoniuma, maana mengine ningeyavumilia.

Wiki kadhaa baada ya kupandiwa maua nilimpigia simu fundi mkuu aliyenipangia tuta la mbele ya nyumba. Nikamweleza kwa adabu kabisa kwamba maua ya kana aliyoyaweka mbele yamenifika kifuani, na yale mafupi ya vinka yaliyoko nyuma yake siyaoni tena. Akanijibu: "Mama, maua ni maua. Kama hayaonekani, si uzunguke?" Akakata simu.

Nizunguke! Tuta limeegemea ukuta. Alilipima yeye mwenyewe, kwa futi kamba yake, mbele ya macho yangu.

Tuta la ukutani hutazamwa upande mmoja tu, kwa hiyo mimea mirefu hukaa nyuma, ya kimo cha kati hufuata, mifupi ikamaliza ukingoni. Hilo hata mtoto anayepanga sufuria kabatini analijua. Kana ya kawaida hufika mita moja hadi mbili. Vinka huishia sentimita 30, ikistawi sana 60. Lakini siku ya kupanda kana zilikuwa miche ya kimo cha goti, nazo vinka zilikwishachanua kwenye vikopo, karibu zinalingana. Fundi akapanga alichokiona siku ile. Kazi niliyomlipia ni kuona kile kitakachokuwa baada ya miezi mitatu, na hicho hakukiona.

Tena kwa tuta langu, lenye upana wa mita moja na nusu kutoka ukutani, kana zile hazikufaa hata kuwekwa nyuma. Wenye uzoefu huchukua nusu ya upana wa tuta, na kimo cha mmea mrefu kuliko wote hakivuki hapo sana. Kana fupi zipo, zinaishia sentimita 60 au 75. Angeniuliza tu.

Najua atajitetea kwamba hata mimea mirefu huwekwa mbele. Ni kweli, huwekwa ile yenye mashina membamba na majani machache, kama verbena ndefu ya zambarau, ambayo jicho linapenya katikati yake kama kwenye pazia jepesi. Jani la kana ni pana kama la mgomba! Vinka inapenda jua kali, na kule nyuma ilikaa kivulini hadi ikarefuka shingo, majani yakawa ya manjano, maua mawili matatu yakitafuta mwanga.

Rangi nazo. Kana zangu ni nyekundu inayoelekea chungwa. Ubavuni mwake akaweka petunia za waridi iliyokolea, ile inayoelekea zambarau. Kila moja peke yake ni nzuri, nakiri. Zikikaa bega kwa bega zinagombana, macho yanachoka, hujui uangalie wapi. Mstari mmoja wa maua meupe kati yake ungezipatanisha, au majani ya kijivu. Nilimwambia pia kwamba mimi hukaa nje jioni. Mwanga ukififia, nyekundu ndiyo huwa nyeusi kwanza, ilhali nyeupe na samawati hafifu hubaki zinaonekana hadi giza linapoingia. Hakuniwekea hata ua moja jeupe. Saa ambayo mimi hutoka kupumzika, tuta langu ni shimo jeusi.

Siombi muujiza. Gertrude Jekyll, Mwingereza aliyezaliwa 1843, alisomea uchoraji, na macho yake yalipozidi kudhoofika akaweka nguvu zake kwenye bustani. Nyumbani kwake Munstead Wood alikuwa na tuta la karibu mita 60: rangi tulivu mwanzoni, samawati na nyeupe na majani ya kijivu, kisha manjano, chungwa, hadi nyekundu inayowaka katikati, halafu zinapoa tena kuelekea mwisho. Mtu mwenye macho mabovu aliyaona hayo, na mwenye macho mazima akashindwa kuona kwamba kana ni ndefu kuliko vinka.

Miche yenyewe ilikuwa mizuri, lazima niseme. Mizizi myeupe, haijajizungusha kwenye kikopo, na hakuna hata mmoja uliokufa. Nyota moja kwa hilo.

Nyingine ni ya kona ya langoni, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Fundi mkuu alikuwa kwenye simu muda mrefu, kona ile akaipanga kijana msaidizi wake. Alinisalimia, "Shikamoo mama," kisha akasema, "Naomba usimame pale utakapokuwa unapita kila siku, uniambie jicho linaangukia wapi." Alikata vijiti kwa panga, kila kimoja kwa kimo cha mmea ukishakua, akavichomeka ardhini kabla ya kutoa mche hata mmoja kwenye kikopo. Akarudi nyuma, akatazama, akahamisha viwili, akatazama tena. Ndipo akapanda: plumbago ya samawati nyuma, merigodi fupi za chungwa mbele yake, na ukingoni majani ya kijivu. Samawati na chungwa ni rangi zinazokabiliana, kila moja humfanya mwenzake ang'ae. Kwa kuwa samawati hujirudisha nyuma machoni na chungwa hujileta mbele, kona ya hatua tatu inaonekana kama ina hatua sita. Kila nikifungua lango nasimama. Wageni nao wanasimama.

Fundi mkuu alipomaliza simu yake alikuja akaving'oa vijiti vilivyobaki, vile ambavyo kijana alishaanza kuvichomeka kwenye tuta kubwa, akavitupa pembeni. "Acha michezo, tunachelewa." Nilikuwepo, nikanyamaza. Nikikumbuka hapo nyota zote mbili natamani kuziondoa, maana tuta langu lingekuwa kama ile kona.

Basi naondoa. Sifuri kwa fundi mkuu. Lakini ukiwaita na akaja yule kijana peke yake, mpe kazi yote, mpe na chai, usimharakishe.

Kana nimezing'oa mwenyewe, nikagawa matunguu, kila kipande na jicho lake la kuchipua, nikayapeleka nyuma ya nyumba kwenye nafasi ya kutosha. Vinka sikuzigusa kwa sababu hazipendi kusumbuliwa mizizi, na sasa zimepata jua, zimeanza kutoa vichwa. Mbele yake pako wazi, panangoja maua meupe mafupi. Vile vijiti nilivikusanya siku ileile, nimevifunga kamba, viko nyuma ya mlango.