Betri ya sola: ya maji au lithiamu?

Hapa Nyegezi, Mwanza, nimeshafunga zote mbili kwa mkono wangu. Betri ya maji ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, bei yake haitishi, ila ukizoea kuishusha chini ya nusu inakufa mapema. Yaani kwenye wati-saa 1,200 unatumia kama 600 tu. Yangu niliiweka chini ya kitanda cha wageni. Ikichajiwa inatoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, sijui nilikuwa nawaza nini! Na vifuniko unafungua mara kwa mara kuongeza maji ya betri, si ya ziwa.

Lithiamu ni nyepesi, asilimia 80 unaitumia bila wasiwasi. Bei ndiyo inauma. Kwa taa na tivi, ya maji inatosha. Kwa friji ya sangara, ningejibana ninunue lithiamu, na chaji kontrola (kifaa kinachoongoza chaji kutoka kwenye paneli) yenye mpangilio wa lithiamu.