Maskin tepu za hadiwea Kisumu: ya krimu yatosha, isipokuwa mahali pawili

Ingia hadiwea yoyote kuanzia Oginga Odinga Street hadi Kondele uombe maskin tepu, ile ya kuzuia rangi isivuke mstari, utawekewa kaunta ile ya krimu bila kuulizwa swali. Ukitaka kujua kama kuna nyingine, itashushwa ya bluu kutoka rafu ya juu, pengine na ya kijani, na bei inapanda hapo hapo. Mteja ambaye fundi wake amemwachia mistari iliyotambaa kama mizizi huamini kwamba dawa ni ile ya ghali. Mara nyingi sivyo.

Tuanze na ya krimu. Ni karatasi iliyokunjwakunjwa mikunjo midogo ili inyumbuke, ikapakwa gundi ya mpira upande mmoja. Mikunjo hiyo ndiyo faida yake na ndiyo balaa yake. Huifanya ifuate ukuta usionyooka, lakini chini ya kila mkunjo kuna kijifereji ambacho rangi nyepesi hupenya. Gundi nayo hushika upesi ila haipendi joto wala jua. Ikikaa siku mbili tatu kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri la Kisumu, hulainika, ikazama kwenye rangi, kisha ikagandia humo. Ukivuta, karatasi inatoka vipande vipande na gundi inabaki ukutani ikikusanya vumbi. Tepu ya aina hii ilibuniwa mwaka 1925 na Richard Drew wa kampuni ya 3M, Minnesota, Marekani, kwa ajili ya wapaka magari ya rangi mbili. Ni kitu cha gereji tangu mwanzo: bandika, paka, bandua. Mstari wa njano wa matatu zetu hupigwa kwa mtindo huo huo, na hakuna anayeiacha tepu kwenye bodi hadi kesho kutwa.

Basi krimu ni tepu ya saa chache. Ukiitumia hivyo haina kosa kubwa, mradi roli yenyewe iwe nzima, na hapo ndipo wengi hupigwa dukani. Kagua ubavu wa roli kwanza. Ukiwa na vumbi na nyuzi zilizonata, roli ilikaa wazi, na vumbi hilo ndilo litakuwa ukingo wa mstari wako. Ikiwa imebonyea kama yai, ilikaliwa na debe la rangi. Itakuwa ikikwama na kuchanika kila mzunguko. Vuta kama futi moja palepale kaunta: itoke kwa sauti moja, bila kurukaruka, bila kupasuka kwa urefu. Ibandike kwenye kucha ya kidole gumba na uibandue. Ikiacha utando, gundi imeshaanza kuoza kwa joto la dirishani. Mwisho tazama kile kiini cha karatasi ngumu katikati. Roli mbili za unene mmoja kwa nje zinaweza kutofautiana mita nyingi kwa sababu moja ina kiini kinene. Kama mita zimeandikwa, linganisha mita, usilinganishe ukubwa wa roli mkononi.

Upana unaofaa kuta za nyumba ni ule unaouzwa kama inchi moja, yaani kama milimita 24. Robo tatu ni nyembamba mno, brashi inateleza na kuchafua upande wa pili. Inchi mbili ni ya kushikia magazeti na karatasi za nailoni sakafuni. Kwenye mstari inakunjamana, kwa kuwa plasta zetu hazijanyooka kiasi hicho.

Ya bluu ni tepu nyingine kabisa, ingawa kwa macho ni karatasi ile ile. Gundi yake hushika kwa upole zaidi na huvumilia jua. Zile za watengenezaji wanaojulikana huandikwa siku zinazoweza kukaa ukutani, na 14 ni namba ya kawaida. Ya kijani ya kupakia kuta, ile halisi, ina kemikali ukingoni inayovimba ikiguswa na maji ya rangi na kuziba vijifereji. Ni ufundi mzuri, lakini soma vizuri hapo: maji. Kwa emulsheni, yaani rangi ya maji, inafanya kazi. Kwa glosi ya mafuta hakuna maji ya kuivimbisha, na umelipia bure. Tena rangi ya tepu si cheti. Hakuna sheria inayosema bluu lazima iwe ya siku 14. Tepu ya kijani ya wapuliza magari iko pia sokoni, na hiyo imeundwa kuhimili joto, haina ule uvimbe. Roli ya bluu isiyo na maandishi yoyote kwenye kiini ihesabu kuwa krimu iliyovaa bluu.

Sasa, kwa nini tunasema tepu ya krimu yatosha? Kwa sababu kinachoziba mstari ni rangi ya chini, si tepu. Tuseme ukuta ni wa krimu na unataka upande mmoja uwe wa kijani kibichi. Ukishabandika tepu juu ya krimu na kuikandamiza, chukua ile ile emulsheni ya krimu uliyopaka jana, uchovye brashi kidogo sana, upitishe ukingoni mwa tepu upande utakaokuwa wa kijani. Kinachopenya chini ya tepu ni krimu juu ya krimu, haionekani, na kikikauka kimeziba kila kijifereji. Subiri ikauke kabisa, nusu saa hadi saa moja kutegemea hewa, ndipo upake kijani. Mstari utatoka kama umekatwa kwa wembe. Fundi anayeruka hatua hii kwa kuharakisha atatumia saa nzima baadaye na brashi ya msanii akifunika madoa. Kama kopo la rangi ya chini limekwisha, vanishi ya maji isiyong'aa huziba vilevile. Silikoni usiiguse kabisa: rangi huikataa, hujikunja na kuacha vishimo vishimo, na hapo msasa tu ndio utakaokusaidia.

Kukandamiza kwenyewe kuna namna. Kidole hakitoshi. Tumia kadi ya benki iliyokwisha muda au skrepa ya plastiki, uipitishe kwenye ule ukingo tu utakaopakana na rangi mpya. Upande wa pili uache umeshika kidogo ili kubandua kuwe rahisi. Usiivute tepu ikanyooka kama kamba ya gitaa unapoibandika, maana itarudi nyuma polepole na kuinuka pembeni. Bandika mita moja moja hivi, na kila kipande kilalie kingine kwa sentimita mbili.

Brashi itembee kutoka kwenye tepu kwenda kwenye rangi, kamwe isisukume rangi kuelekea ukingo. Rola iende sambamba na tepu, ikiwa imeshakamuliwa kwenye trei. Koti mbili nyembamba za rangi hushinda moja nene, kwani ile nene huunda ngozi inayounganisha ukuta na tepu. Ukivuta, inachanika kwa meno ya msumeno, au inaacha ukingo ulioinuka ambao ukipitisha kiganja unausikia. Bandua kabla koti ya mwisho haijakauka kabisa, ikiwa bado inanata kidogo. Ikunje tepu ijirudie yenyewe kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, uivute polepole mbali na rangi mpya. Ukichelewa na ikakauka, usivute kwa nguvu. Pitisha wembe mpya juu ya mstari kwa mkono mwepesi ili kukata ile ngozi, halafu ubandue.

Mahali pa kwanza ambapo bluu inajilipia ni ule mstari wa dado tunaouona kwenye madarasa, zahanati na maduka kote magharibi: chini glosi ya mafuta, maruni au bluu, juu emulsheni ya krimu. Kimo cha kawaida ni kama mita 1.2. Paka emulsheni ya juu kwanza, ipe siku nzima angalau. Pima kimo kwa leveli ya mpira wa maji (mpira mwangavu uliojazwa maji), siyo kwa kupima kutoka sakafuni, maana sakafu nyingi zina mteremko kuelekea mlangoni na mstari utafuata mteremko huo. Piga alama kwa kamba ya chaki, chaki hafifu tu, uifute inayozidi. Tepu haishiki juu ya unga. Ukingo wa chini wa tepu uguse alama. Ziba kwa emulsheni ya juu, kisha glosi.

Tatizo ni kwamba glosi ya mafuta hungoja hadi kesho yake kabla ya koti ya pili. Krimu ikilala ukutani usiku kucha kisha ikakutana na jua la saa sita, ndiyo yale ya gundi tuliyoyataja. Ukiibandua jioni na kubandika nyingine asubuhi, haitalala kwenye mstari ule ule hata ukiapa, na utapata kingo mbili, moja nyuma ya nyingine kama kivuli. Hapo nunua ya bluu, ikae siku mbili, ibanduliwe mara moja baada ya koti ya pili. Ya kijani, kama tulivyosema, haina faida hapa.

Mahali pa pili ni ukuta uliopakwa wiki hii. Emulsheni ikikauka mkononi haijakomaa. Huchukua wiki kadhaa kushikamana sawasawa. Mteja akitaka mistari au maumbo ya mapambo sebuleni kabla ya kuhamia Jumamosi, krimu itang'oa rangi kwa mabamba. Bluu yenye gundi pole ina nafasi nzuri zaidi, lakini siku moja ya kungoja ni lazima hata nayo.

Kona zina ujanja wao. Rangi mbili zikikutana konani, usiweke tepu ndani kabisa ya kona, kwani kona ya plasta huwa na mawimbi na mstari utayafuata. Isogeze milimita mbili tatu juu ya ukuta mmoja, iende wima kwa timazi. Jicho litaona mstari ulionyooka na kuisahau kona. Kwenye dari zenye konisi, yaani ukanda wa urembo pembezoni, tepu ni kupoteza pesa. Brashi ya inchi mbili na mkono uliotulia vinatosha.

Madirisha ya chuma ndiyo tunakoona makosa mengi zaidi. Tepu hubandikwa ikagusa pati, ule mkandiko unaoshikilia kioo kwenye fremu, mstari unatoka safi, mwenye nyumba anafurahi, mvua ya Aprili inakuja. Rangi inatakiwa ipande juu ya kioo kama milimita mbili ili kufunga ule mwanya kati ya pati na kioo. Tepu ikiziba hapo, maji yanaingia, pati inapasuka, chuma kinaanza kutu kutoka ndani. Kwa hiyo acha milimita mbili za kioo wazi. Kwenye kioo krimu inafaa sana, ila iondoke siku ile ile.

Kuna kuta ambazo hakuna tepu itakayozisaidia. Chokaa, rangi kuukuu inayotoa unga, na nyumba za udongo zilizosiribwa kwa simiti nyembamba. Jaribu hivi: bandika sentimita kumi, ngoja dakika kumi, vuta, tazama gundi. Ikiwa nyeupe kwa unga, ukuta unahitaji kushikizwa kwanza, kwa praima au kwa emulsheni iliyoongezwa maji, sehemu tatu za rangi kwa moja ya maji. Nakuru ongeza kazi ya kitambaa chenye unyevu, maana lile vumbi jepesi la huko hutua ukutani ndani ya saa chache hata madirisha yakifungwa. Asubuhi za baridi gundi ya krimu huwa ngumu na haishiki. Anza saa nne. Kwenye rafukasti, ile plasta yenye mikwaruzo ya mawe madogo, achana na tepu, sogeza mpaka wa rangi uangukie kwenye kona au ubao.

Gundi iliyobaki kwenye fremu ya glosi au kioo hutoka kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, kisha maji ya sabuni. Kwenye emulsheni anza na maji ya vuguvugu yenye sabuni, na draya ya saluni ikiwa imekazana. Petroli, ambayo baadhi ya mafundi huipenda, huyeyusha rangi pamoja na gundi, na chumba kilichofungwa chenye mvuke wake kinangoja tu cheche.

Hesabu ya manunuzi: chumba cha futi 12 kwa 12 kina mzunguko wa kama mita 14.6. Dari na skatingi (ukanda wa chini ya ukuta), mizunguko miwili, 29.2. Fremu ya mlango, kama 5.1. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2, 5.4. Jumla 39.7, na ukiongeza sehemu moja ya kumi ya kulaliana, kama mita 44. Hizo ni roli tatu za mita 20. Ukiacha dari kwa brashi, mbili zinatosha.

Ile tepu ya kahawia ya kufungia katoni, ambayo bado tunaikuta kwenye kuta za watu, ni plastiki isiyonyumbuka na gundi yake ni ya kutotoka. Tepu ya umeme huvutika ikibandikwa, kisha hujirudi na kuuacha mstari. Roli iliyobaki ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ilaze ubavu ndani ya kopo safi lenye kifuniko, mbali na dirisha.