Primitivo iliyonuka boksi bovu, na yule kaka wa Bari

Naandika hasira hazijatulia, mnivumilie.

Juzijuzi mimi na wifi yangu tulikwenda kuonja mvinyo kwenye duka moja la mji wa kale wa Bari, Italia. Kilichonivuta ni mpango wao: Primitivo ya Manduria (mvinyo mwekundu wa hukohuko kusini mwa Italia), Zinfandel ya California na chupa moja ya Croatia, zote meza moja. Nikasema hapo wamefikiri, maana mzabibu ni mmoja. Tangu miaka ya 1990 vinasaba vilionyesha kuwa Primitivo na Zinfandel ni kitu kilekile kwa majina mawili, na mwaka 2001 mzabibu huohuo ukatambuliwa Croatia, wao wanauita Crljenak Kaštelanski (msiniulize unatamkwaje).

Ikaanza ya California. Imeiva mno, jamu ya forosadi, pilipili manga kwa mbali. Si ladha yangu, lakini sikuwa na neno. Ikaja Primitivo, ambayo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Kupeleka pua kwenye glasi, boksi! Boksi la sabuni lililonyeshewa likasahaulika stoo. Matunda hakuna. Mdomoni ukavu na uchungu tu. Wifi akanusa, akanitazama.

Haya hutokea, wala si kosa la muuzaji. Kizibo cha gome kikiingiwa na ukungu fulani hujenga kemikali inayoua harufu ya mvinyo, tumbo haidhuru. Waitaliano wenyewe husema *sa di tappo*, kwamba umeshika ladha ya kizibo. Nikamwita mhudumu, nikamwambia maneno hayohayo, tena kwa upole. Hakunusa. Narudia, HAKUNUSA. Akatabasamu: “Signora, Primitivo ya kweli ndivyo ilivyo. Labda umezoea za sukari.” Halafu akaongeza: “Kwani kwenu kuna zabibu?”

Jamani! Mimi mtoto wa Dodoma. Zabibu nimezichuma Hombolo kabla sijajua kusoma, na kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja. Mapadre walishaotesha mizabibu Bihawana huyu kaka hajazaliwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, wifi akanibana paja chini ya meza: “Wifi, achana naye.”

Sasa sikilizeni. Mzee wa meza ya jirani alikuwa amemiminiwa Primitivo ileile, ila kutoka chupa nyingine. Alikuwa amesikia yote. Akanisogezea glasi yake bila kusema kitu.

Plamu, tumbaku, zabibu kavu, na uchungu kidogo mwishoni unaokufanya urudie. Ikakaa ulimini mpaka nikasahau nilikuwa nagombana. Ile ya California pembeni yake ikawa kama mgeni wa harusi aliyejimwagia chupa nzima ya marashi. Mhudumu akaja, akaondoa glasi yangu mbovu kimyakimya. Pole hakuna, kujaziwa nyingine hakuna, na bili akaiandika kamili.

Nilikusudia kuwapa nyota moja. Nikakumbuka glasi ya mzee, nikaweka tatu, maana duka linalojua kuchagua Primitivo kama ile si la kutupwa. Sasa naandika nakiona tena kile kitabasamu, nimezishusha ziwe mbili. Chupa zangu mbili nilinunua mtaa wa pili, kwa bei nafuu.

Ya Croatia hatukuifikia, tuliondoka. Mkienda mkakuta mhudumu mwingine niambieni, ile bado naitaka.