Maandamano na ghasia: mpaka uko wapi?

Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mwandalizi awape polisi taarifa siku tatu hadi kumi na nne mapema. Ni taarifa, si kuomba ruhusa! Wengi huchanganya hapo, na polisi wakiwemo.

Upande wa pili, Kanuni ya Adhabu inahesabu kusanyiko haramu kuanzia watu watatu, wakikusudia kutenda kosa au wakiwatia majirani hofu kwamba amani itavunjwa. Wakianza kutekeleza kusudi lao kwa kuwatisha watu, hizo ni ghasia.

Tarehe 25 Juni 2024 yote mawili yalionekana Nairobi. Maelfu ya vijana waliopinga Mswada wa Fedha, yaani mapendekezo ya kodi ya serikali, walibeba bendera na chupa za maji. Baadhi ya watu waliingia Bungeni na sehemu ya jengo ikawaka moto. Kuimba barabarani ni haki. Kuchoma jengo ni jinai. Lakini kosa ni la aliyewasha kiberiti, na aliyesimama mbali na bendera yake hapotezi haki kwa sababu ya mwingine.

Na polisi je? Siku hiyo waliwapiga waandamanaji risasi za moto, na watu wakafa. Sare haigeuzi kumuua asiye na silaha kuwa ulinzi wa amani.